Mgeni wa Biashara Anapokuja: Adabu za Kumpokea Bila Kula Mtaji

Kwa kawaida hapa tunazungumzia viwango vya kubadilisha fedha, ada za kutuma nyumbani na namna ya kuweka akiba. Leo tunakwenda hatua moja mbele, kwenye ile siku ambayo mtu ameshakusanya mtaji wake, amepata mnunuzi wa nchi nyingine, na mnunuzi anamwandikia: "Nitakuwa Maskati wiki ijayo, tuonane." Hapo ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Mwingine anakimbilia kukodi ukumbi wa hoteli, mwingine anamkaribisha mgeni kwenye kijimgahawa chenye kelele, na mwingine anajaza meza vyakula lakini hana hata karatasi moja yenye bei.

Ili tuelewane, tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Watu wake ni wa kubuni na hesabu zake ni za kufundishia tu. Wenzetu watatu wanafanya kazi Maskati, wamechanga kwa miaka minne, wamefikisha rial 3,600. Wanataka kuleta iliki na pilipili manga kutoka Muheza na milima ya Usambara. Wazo si baya: Oman iliki ni kitu cha kila siku, maana kahawa yao bila iliki wanaiona haijakamilika. Wamepata watu watatu wa kuonana nao, kila mmoja siku yake: mfanyabiashara wa Kiomani mwenye duka Mutrah, mnunuzi wa Kihindi anayekaa Dubai, na Mwingereza anayeuza viungo mjini Leicester. Wakielewana na mmoja tu, mzigo wa kwanza utaondoka Tanga. Wakikosa wote, miaka minne ya kujinyima inarudi kukaa benki huku msimu ukipita.

Sasa, tukiangalia kwa jicho la kihesabu, mgeni wa namna hii hakuja kula. Amekuja kupima kama fedha yake itakuwa salama mikononi mwenu. Saa mliyompa, kikombe mlichomwekea, karatasi mliyomkabidhi, vyote anavisoma kwa swali hilohilo. Kwa hiyo ukarimu wa biashara ni kumwondolea mgeni shaka, moja baada ya nyingine.

Saa ngapi, ya nani?

Shaka ya kwanza huanza kabla hamjaonana. Sisi tunasema saa nne asubuhi, mgeni anaandika 4:00 na kushangaa mnataka kuonana alfajiri. Kwa mgeni wa nje andika saa kwa tarakimu za masaa 24 na utaje mji: "10:00, saa za Maskati". Mkiwa na mshirika Dar es Salaam au Nairobi atakayeingia kwa video, kumbukeni kwao ni 09:00, yaani saa tatu, kwa sababu Oman iko mbele kwa saa moja. Uingereza ndiyo inayopiga watu chenga. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi na Oman hatubadilishi. Maskati inakuwa mbele ya London kwa saa tatu wakati wa kiangazi chao na saa nne wakati wa baridi. Mkutano uliopangwa mapema Machi kwa ajili ya Aprili uhesabiwe upya.

Siku nazo zina mambo yake. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, serikali yao imehamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Uingereza ni Jumamosi na Jumapili. Ukizipanga zote pamoja, siku zisizo na utata ni Jumatatu hadi Alhamisi. Usiweke mkutano kwenye wakati wa adhuhuri ukamlazimisha Mwislamu kuchagua kati yako na sala. Na ikiwa ni Ramadhani, mwite mgeni wa Kiomani baada ya futari au usiku baada ya tarawehe. Mchana watu wamefunga, saa za kazi zimepunguzwa, na kula au kunywa hadharani hakukubaliki hata kwa asiye Mwislamu.

Jambo dogo la mtandao: kama mgeni yuko Dubai na mnataka kuzungumza kwanza kwa sauti, msitegemee simu ya WhatsApp, kwani kwa kawaida haipiti kule. Kubalianeni mapema kutumia Zoom au Teams, na ijaribuni siku moja kabla.

Mahali, na nani anatoa pochi

Wengi wetu tunaishi vyumba vya kushirikiana, na hakuna aibu katika hilo. Ila si mahali pa kumpokea mtu wa biashara. Sebule tulivu ya hoteli ya kawaida inatosha, au chumba cha mikutano cha kukodi kwa saa. Tunachokataa ni hoteli ya kifahari kwa kuogopa kuonekana maskini.

Tupige hesabu. Tuseme mzigo wa kwanza wa wenzetu unatarajiwa kuwapa faida ya rial 540. Chakula cha mchana cha watu sita kwenye hoteli kubwa kikifika rial 96, hiyo ni karibu asilimia 18 ya faida, kwa mgeni mmoja. Wageni wako watatu: rial 288, zaidi ya nusu ya faida imeliwa kabla iliki haijaanikwa. Kumbukeni pia kuwa hoteli nyingi huongeza ada ya huduma na kodi juu ya bei iliyoandikwa kwenye menyu, basi muulizeni mhudumu bei ya mwisho ni ngapi. Sisi hupendekeza bahasha ya ukarimu iwe kando kabisa na mtaji, na isizidi asilimia 5 ya faida inayotarajiwa. Kwa mfano wetu ni rial 27 kwa mikutano yote mitatu. Inatosha kwa kahawa nzuri, tende, halwa na teksi. Mlo mkubwa usubiri fedha ya mzigo iingie.

Aliyealika ndiye anayelipa. Lakini Oman kuna ugumu wake: mgeni wenu wa Mutrah yuko kwao, ninyi ndio mlio ugenini, na anaweza kujiona yeye ndiye mwenyeji. Mkifika kwenye bili mtavutana. Dawa yake ni mmoja wenu kwenda kulipa pembeni kabla bili haijaja mezani. Naye akisema mara ijayo ni zamu yake, kubalini kwa furaha. Hiyo "mara ijayo" ni habari njema. Kitu kinachoharibu kabisa ni ninyi watatu kuanza kuchangishana baisa mbele yake. Teueni mweka hazina mmoja, risiti zote zikae kwake, na usiku uleule ziingie daftarini.

Kikombe cha kahawa

Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja atasema, kahawa na halwa tunazijua toka utotoni. Ni kweli, na ni mtaji ambao hatuuhesabu. Lakini kuna vitu Waomani wanavitazama kwa makini.

Tende au halwa hutangulia, kahawa inafuata. Birika, yaani dalla, hushikwa kwa mkono wa kushoto, kikombe hutolewa kwa mkono wa kulia. Usijaze. Kahawa kidogo chini ya kikombe ndiyo heshima, na kikombe kilichojaa hueleweka kama kumwambia mgeni anywe aende zake. Utaendelea kummiminia mpaka mwenyewe akitikise kikombe kwa upande, ishara ya kuwa ametosheka. Anayemimina akiwa ni mdogo kati yenu, vizuri zaidi. Na ikiwa mnafukiza udi, uje mwishoni kabisa, kwa sababu ukishapita udi watu hujua kikao kimekwisha. Mkiuleta katikati, mgeni mstaarabu atasimama kuaga na bei hamjaitaja.

Maongezi ya mwanzo ni salamu, safari, mvua, habari za nyumbani. Kwetu ni kawaida kuuliza, "Mama watoto hajambo?" Kwa Mwomani mliyekutana naye leo, mwulizeni familia na watoto kwa ujumla, msimtaje mke. Mkikutana na mwanamke wa biashara, msikimbilie kunyoosha mkono. Ngojeni yeye aanze, na asiponyoosha, mkono kifuani unatosha. Nyayo za viatu zisimwelekee mtu. Akipokea simu katikati ya mazungumzo msikasirike, wengi wao hawaoni kuwa ni dharau. Ninyi simu zenu zizimwe sauti.

Bei haitajwi kabla kahawa haijazunguka. Hapo Mwingereza ni tofauti kabisa. Yeye ameweka dakika 45 kwenye kalenda, na mkitumia 30 kwa salamu ataanza kuangalia saa. Mtumieni ajenda fupi siku mbili kabla, mistari minne inatosha, mfike dakika kumi mapema, mumpe chai, na baada ya maneno machache ya safari na hali ya hewa muingie kazini. Kumwahi haraka Mwomani ni kumvunjia heshima, na kumchelewesha Mwingereza ni vilevile.

Mgeni wa Kihindi mwulizeni chakula mapema, kwa ujumbe tu: "Kuna kitu hutumii?" Wahindu wengi hawali ng'ombe, wengi wao hawali nyama kabisa, na Wajaini huacha hata vitunguu, viazi na mizizi mingine. Akiwa wa namna hiyo, sambusa ya mboga iliyokaangwa kwenye mafuta ya sambusa za nyama haimfai. Chai ya maziwa na korosho ni salama kuliko kubahatisha. Pombe, hapa Oman, msimwagizie mtu yeyote katika kikao cha kazi, hata Mwingereza. Hatawadharau kwa hilo.

"Sawa" yetu inatuponza

Kuna neno moja linaloleta kesi nyingi kuliko mengine, nalo ni sawa. Mgeni anasema, "Nataka iliki ifike kabla ya tarehe 20," sisi tunaitikia, "Sawa, sawa," tukimaanisha tumemsikia. Yeye ameandika: wamekubali. Tarehe 20 ikipita, kwake mmevunja ahadi; kwenu hamkuahidi kitu. Basi tenganisheni maneno. Semeni "nimekuelewa" pale mlipoelewa, na "tumekubali" pale tu mlipokubali. Kama jambo linategemea meli au mkulima wa Muheza, mwambieni hivyo wazi.

Wao pia wana maneno yao. Mwomani akisema inshallah huenda ni ndiyo, huenda ni hapana ya upole, ulizeni kwa adabu, "Tukupigie siku gani?" Akitaja siku, kuna kitu. Mwingereza akisema wazo linavutia na atalitafakari, msianze kununua magunia.

Halafu, jamani, msimsengenye mgeni kwa Kiswahili mkidhani hasikii. Hii ni Maskati. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani, Waomani wengi waliokuwa Zanzibar na bara walirudi, na Kiswahili kingali kinazungumzwa majumbani mwao. Mzee wa kanzu na kofia aliyekaa kimya mbele yenu anaweza kuwa amezaliwa Tabora. Kushauriana bei kwa Kiswahili mezani, "mshushie mpaka nane", ni kumpa mpinzani karata zako. Mkitaka kushauriana, ombeni dakika tano mtoke nje.

Karatasi mezani

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu adabu ya kikombe wengi wanaijua, adabu ya karatasi hawaijui.

Mpeni mgeni ankara ya awali, ile watu wanayoiita profoma, iliyochapwa, nakala moja kwa kila aliyekaa. Rial ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo bei zake huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Rial 8.500 kwa kilo ni rial nane na baisa mia tano. Mjerumani, ambaye kwao nukta hutenganisha maelfu, ataisoma elfu nane na mia tano. Andikeni bei kwa tarakimu na kwa maneno, mambo yaishe. Mkitaja dola, rial imefungwa kwa dola miaka mingi kwa kiwango cha takriban dola 2.60, na dirhamu ya Dubai ni takriban 3.67 kwa dola moja, hivyo hapo hakuna wasiwasi mkubwa. Wasiwasi uko kwenye shilingi mnayomlipia mkulima na pauni anayolipa Mwingereza, ambazo hupanda na kushuka. Ndiyo maana profoma iwe na mstari huu: bei hii ni halali kwa siku 14. Kumwambia mtu mapema kuwa bei ina mwisho ni ustaarabu. Kumpandishia baadaye ni ugomvi.

Tarehe andikeni mwezi kwa herufi. 04/05 kwetu na kwa Mwingereza ni tarehe 4 Mei, kwa Mmarekani ni Aprili 5. Uzito andikeni kwa kilo, si kwa tani, kwa kuwa tani yetu ni kilo 1,000, ya Wamarekani ni takriban 907, na ile ya zamani ya Uingereza ni 1,016.

Semeni pia gharama zinaishia wapi. FOB Tanga maana yake mnagharamia mpaka mzigo unapopakiwa melini Tanga, baada ya hapo ni juu ya mnunuzi. CIF Sohar maana yake nauli ya meli na bima hadi bandari ya Sohar mmelipa ninyi. Mkisema tu "bei ya kilo" bila herufi hizo tatu, kila mmoja ataondoka na bei yake kichwani. Kwa mtaji wa rial 3,600, tofauti ya nauli peke yake inaweza kuwa ndiyo faida nzima.

Sampuli ya iliki ni sehemu ya karatasi. Chukueni kutoka gunia lilelile mtakalouza, msichambue punje nzuri nzuri. Fungeni pakiti mbili zinazofanana, andikeni tarehe na namba ya gunia, moja apewe mgeni, moja mbaki nayo. Siku mzigo ukifika na akadai si ule, mtakuwa na pacha wake.

Malipo yazungumzwe kwa heshima na kwa uwazi. Benki ya Uingereza huenda ikamdai IBAN. Akaunti za Oman zinayo, huanza na OM; akaunti za Tanzania na Kenya hazina, hutumia namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT. Mwelezeni mapema asije akadhani mnamficha kitu. Akaunti iwe ya jina lilelile lililo kwenye profoma. Kumpa mgeni jina la shemeji, au kumwambia atume kupitia duka la kubadilisha fedha kwa jina la mtu binafsi, kunaua imani yote iliyojengwa na kahawa. Na mwambieni ana kwa ana: "Akaunti yetu ni hii. Ukipata ujumbe kuwa imebadilika, usilipe mpaka utupigie usikie sauti zetu." Matapeli wanaoingilia barua pepe za wafanyabiashara na kubadilisha namba za akaunti wamewaliza wengi, na mgeni ataona kuwa mnalinda fedha yake kama yenu.

Cheo chako halisi

Usijitambulishe kama mkurugenzi wa kampuni ambayo haijasajiliwa. Mgeni makini atatafuta jina lako kwenye mfumo wa BRELA akiwa bado kwenye teksi. Pia si kila visa ya kazi inamruhusu mtu kufanya biashara yake mwenyewe katika nchi aliyopo. Lisomeni hilo kwenye mkataba na kwa mamlaka husika kabla ya kualika mtu. Mara nyingi njia safi ni kampuni kusajiliwa nyumbani, na wewe ukawa mwanahisa.

Kadi ya biashara hutolewa kwa mkono wa kulia. Kwa Mchina au Mjapani tumieni mikono miwili, na mkipokea ya kwake isomeni kwanza, msiitumbukize mfukoni.

Zawadi

Pakiti ya viungo vyenu, kikapu cha ukili, kanga kwa familia: inatosha. Msimpe Mwingereza saa ya bei kubwa. Sheria yao ya rushwa ya 2010, inayotumika tangu Julai 2011, inagusa hata yanayotendeka nje ya nchi, na ingawa ukarimu wa kawaida haukatazwi, zawadi nono kabla ya mkataba humweka mnunuzi pabaya kwa kampuni yake. Huenda akairudisha, na mtabaki mkitazamana. Kwa ofisa wa serikali, awe wa bandari au wa forodha, msitoe kitu chochote.

Kesho yake asubuhi

Usipite siku nzima kabla ya kuandika. Ujumbe uwe mfupi, mmoja, kutoka kwa mtu mmoja, kwa barua pepe hata kama mmekuwa mkichati WhatsApp. Kwa mgeni wa Leicester, wenzetu wangeweza kuandika hivi, kwa lugha yake:

"Tunashukuru kwa muda wako jana. Tulichokubaliana: kilo 200 za iliki, rial 8.500 (rial nane na baisa mia tano) kwa kilo, FOB Tanga, malipo ya awali asilimia 30. Ambalo bado: tarehe ya meli, tutakujibu kufikia Alhamisi 12 Juni, 15:00 saa za Maskati. Profoma imeambatanishwa. Kama kuna tulichokiandika tofauti na ulivyoelewa, tafadhali turekebishe."

Alhamisi hiyo ikifika na meli haijajulikana, andikeni hivyo hivyo saa 15:00, kwamba haijajulikana, na mtaje siku nyingine.